Emin Pasha, gavana aliyejifanyia mambo ya nje

Eduard Schnitzer alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, Silesia. Alisomea udaktari, akafanya kazi katika dola ya Uturuki, na mwaka 1875 akafika Khartoum kwa jina la Emin. Charles Gordon, gavana wa jimbo la Equatoria, alimfanya daktari mkuu, kisha akamtuma kuzungumza na Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1876 na Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1877.

Mwaka 1878 Emin akawa gavana. Jimbo lilifuata Mto Nile kutoka Lado hadi Ziwa Albert, likigusa nchi iitwayo leo West Nile. Khartoum ilipotekwa na wafuasi wa Mahdi Januari 1885, jimbo likabaki halina serikali kuu. Emin akahamia Wadelai, kusini mashariki mwa Arua ya leo.

Hapo alianza kujitegemea. Alimtuma Mtaliano Gaetano Casati akae kwa Kabalega kama balozi wake. Barua zake zilipita Bunyoro na Buganda, kwa msaada wa mmisionari Alexander Mackay, hadi Zanzibar.

Mwaka 1888 Henry Stanley alimletea njia tatu: arudi Misri, atawale jimbo kwa niaba ya Mfalme Leopold, au ahamie kando ya Ziwa Victoria chini ya Waingereza. Emin alisitasita. Kabalega alikuwa ameshamfukuza Casati. Mwezi Agosti askari wake waliasi, wakamzuia Dufile. Hawakuamini kwamba Khartoum imeanguka. Waliona barua zile ni za kughushi.

Mwaka 1889 aliondoka na Stanley hadi Bagamoyo. Aliuawa mashariki mwa Congo mwaka 1892.

Askari wengi walibaki nyuma na familia zao. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua wengi wao kuwatumikia Waingereza. Wanubi wa Uganda, wakiwemo wa Arua na Koboko, wana asili yao humo.

Nchi yenyewe ilitoka kwa Leopold kwenda Sudan mwaka 1910, na sehemu ya kusini ikaingia Uganda mwaka 1914. Leo viongozi wa Arua na Koboko wana Congo na Sudan Kusini mlangoni, na hawana budi kuzungumza na majirani. Emin alijua kuzungumza na wafalme. Kilichomwangusha ni kwamba watu wake mwenyewe hawakujua anazungumza nini kwa niaba yao.