Issigonis na taa za Morris Minor

Marehemu Alec Issigonis alizaliwa mwaka wa 1906 mjini Smyrna, ambao leo ni Izmir, Uturuki. Alihamia Uingereza akiwa kijana, akasomea uhandisi.

Gari alilolibuni, Morris Minor, lilizinduliwa mwaka wa 1948. Taa zake kuu zilikuwa chini, kando ya wavu wa rejeta. Sheria za Marekani kuhusu kimo cha taa zikalazimisha ziinuliwe hadi kwenye madigadi. Taa ndogo, ambazo kazi yake ni kuonyesha gari lilipo wala si kumulika njia, zikawa chini yake.

Issigonis hakufurahia, kwani umbo alilolipenda lilivurugwa. Hata hivyo, wanunuzi walizidi milioni moja. Alifariki mwaka wa 1988.