Kristen Nygaard (1926–2002)

Mtahiniwa, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kwenda Kusini yalipanga foleni Ndundu yakisubiri pantoni ya kuvuka Mto Rufiji. Haja ya kuiga foleni kama hizo kwa kompyuta ndiyo iliyozaa klasi na objekti unazosoma leo.

Nygaard alizaliwa Oslo, Norwei, tarehe 27 Agosti 1926. Mwaka 1948 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa ulinzi, na mwaka 1956 akapata shahada ya uzamili ya hisabati. Mwaka 1960 alihamia Kituo cha Kompyuta cha Norwei. Hapo, yeye na Ole-Johan Dahl waliunda lugha ya Simula. Toleo la 1967 lilileta klasi, objekti na urithi.

Shika vizuri hoja hii. Simula ilikuwa na klasi ya foleni, Head, na klasi ya wanafoleni, Link. First hutoa wa kwanza, Suc hutoa anayefuata. Foleni ikiisha, jibu ni none. Ukiandika klasi yako ya Gari inayorithi Link, unaweza kuyapitia magari yote, moja baada ya jingine.

Katika miaka ya 1970, Barbara Liskov na wenzake wa MIT, Marekani, waliweka itereta katika lugha ya CLU. Leo, katika Python, klasi yako hupitika kwa kitanzi cha for ukiipa __iter__ inayorudisha itereta. Itereta nayo huwa na __next__, inayotoa kipengele kinachofuata na kuibua StopIteration vinapokwisha. Ukisahau StopIteration, kitanzi hakijui mwisho wa foleni.

Nygaard hakuishia kwenye programu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali, ili wafanyakazi waelewe kompyuta zilizoletwa viwandani na wawe na sauti juu yake. Aliona kwamba mashine inayopanga kazi za watu inaweza pia kuwanyamazisha.

Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya 2001. Dahl alifariki 29 Juni 2002. Nygaard akamfuata 10 Agosti, wiki sita tu baadaye.

Jipime: Klasi ya Foleni ina magari matatu. Je, __next__ itaitwa mara ngapi hadi kitanzi kikome? (Jibu: mara nne, ya nne huibua StopIteration.)