Joy Adamson: Mama Aliyechora Maua na Watu

Ndugu wanachama na marafiki wa kikundi, katika kuadhimisha miaka 10 yetu tumeona vyema tumkumbuke mama mmoja aliyejulikana kwa kazi ya mikono yake. Wengi tumesikia habari za Elsa, yule simba. Lakini kabla ya simba, Joy Adamson alikuwa mchoraji.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, wakati huo ukiwa Austria. Siku hizi mji huo ni Opava, nchini Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, akamtia moyo achore maua ya porini. Basi akayachora, jani kwa jani, hadi picha zake zikaingia vitabuni. Mwaka 1947 chama cha bustani cha Uingereza kikampa nishani ya dhahabu ya Grenfell.

Baadaye serikali ya kikoloni ikamtuma awachore watu wa makabila ya Kenya na mapambo yao ya jadi, maana yalikuwa yanapotea. Alizunguka miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Nyingi zilihifadhiwa Makumbusho ya Nairobi.

Elsa alikuja mwaka 1956, na kitabu chake, Born Free, kikatoka mwaka 1960. Fedha nyingi za kitabu hicho Mama Joy alizipeleka kwenye kuhifadhi wanyama. Hata hivyo hakuwa mtu rahisi. Wafanyakazi walimwona mkali. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba, Kenya. Kwanza ilidhaniwa ni simba, kumbe ni mtu. Aliyehukumiwa alikuwa mfanyakazi wake wa zamani.

Sasa tujiulize, akina mama wa Masasi na Newala. Bibi zetu walivaa ndonya na kuchanja nembo usoni. Nani aliwachora? Mjerumani Karl Weule alipita huku mwaka 1906 na kamera yake, akaondoka na picha. Sisi wenyewe tumebaki na masimulizi tu.

Tunakopeshana hela ya salfa ya mikorosho na mtaji wa vitumbua, na ni vizuri. Lakini binti akiomba mkopo wa rangi na karatasi, jamani, tusimcheke. Bibi waliobaki ni wachache.