Muyaka bin Haji, Malenga wa Mvita

Mtu atokaye bara akapita Kibarani, akavuka Makupa na kuingia kisiwani Mombasa, siku hizi hupita juu ya lami bila kurowa miguu. Zama za Muyaka bin Haji al-Ghassaniy hapakuwa na daraja. Watu walingoja maji yakupwe ndipo wavuke. Ndani ya kisiwa hicho, chini ya kivuli cha Ngome, ndipo lilipovuma jina la malenga huyu ambaye hata leo wazee wa Mji wa Kale wakimtaja humrehemu.

Muyaka alizaliwa yapata 1776, akafariki yapata 1840. Wakati huo Mombasa ilitawaliwa na Mazrui, nao walikuwa na ugomvi mrefu na watawala wa Omani. Tungo nyingi tulizorithi kutoka zama za kabla yake ni tenzi na kasida za dini. Muyaka alilichukua shairi akalitia sokoni, bandarini na barazani. Alitunga juu ya mapenzi na ndoa, biashara na safari, ufukara na siasa.

Wapenzi wasomaji, kutunga siku zile kulikuwa ni kushindana, na mashindano yalikuwa na sharti zake. Ubeti wa shairi ulikuwa na mishororo minne. Kila mshororo ulikuwa na mizani 16, umekatwa katikati, 8 huku na 8 kule. Vina vya kati vilifuatana, na vya mwisho vilifuatana. Aliyezidisha mizani moja alikuwa amepungukiwa. Mara nyingi malenga alimtupia mwenziwe fumbo, na mwenziwe alipaswa kulifumbua na kulijibu kwa shairi, bila kutoka katika sharti hizo. Hapakuwa na waamuzi walioketi mezani, wala zawadi ya kikombe. Mwamuzi alikuwa sikio la watu wa baraza.

Tembo ni haramu kwetu, lakini wazee hawakuona haya kuchukua funzo kwa mgema, ambaye akisifiwa hulitia maji. Hatari hiyo ilimkabili malenga pia. Mwenye jina kubwa angeweza kujaza mizani kwa maneno yasiyo na uzito, akategemea sifa zake za jana. Muyaka alisifiwa mno, lakini tungo zake zilizotufikia ni nzito. Nyingi ni za ubeti mmoja au miwili tu, na neno la kupwaya halina mahali pa kujificha.

Shindano lake kubwa lilihusu heshima ya miji. Yapata 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalikwenda kuipiga Lamu. Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka wa Mombasa wakarushiana mashairi, kila mmoja akiwa ulimi wa mji wake. Watu wa Mombasa na Pate wakashindwa vibaya pale Shela. Ufundi wa vina haukuweza kuwarudisha vijana waliobaki mchangani.

Baada ya vita hivyo Lamu iliomba himaya ya Sayyid Said wa Omani, na mkono wake ukazidi kuikaribia Mombasa. Mwaka 1828 askari wake waliingia Ngome, lakini baadaye Mazrui wakawatoa. Mwaka 1837 Mombasa ikaanguka. Wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas. Muyaka, aliyewapigia Mazrui mbiu kwa miaka mingi, akamaliza siku zake chini ya bendera ya wale aliowapinga.

Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu. Kama miaka 40 baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa aliyakusanya na kuyafafanua pamoja na Mwingereza William Taylor. Sikujua alifariki 1890. Maandishi hayo yakafika London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz, mwana wa Mombasa, akatoa kitabu chake juu ya Muyaka. Majibizano ya vita vya Lamu nayo yalitoka kitabuni 1995.

Hapa ndipo faida ya zile sharti inapoonekana. Msomaji wa hadithi akisahau neno huweka jingine, na hakuna atakayejua. Msomaji wa shairi akiangusha neno, mizani hupungua, na sikio humwambia papo hapo kwamba pana pengo. Kanuni zilizowabana malenga barazani ndizo zilizoyalinda maneno ya Muyaka kutoka kinywa hadi kinywa, mpaka yakapata kalamu na karatasi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Muyaka, na amrehemu Mwalimu Sikujua aliyetuhifadhia amana yake.