Fuchida: Kamanda wa Pearl Harbor aliyetafuta ushahidi wa ukatili akakuta msamaha

MWAKA wa 1947 mwanamume wa makamo alifika katika bandari ya Uraga, karibu na Yokosuka nchini Japani, kuisubiri meli iliyokuwa ikiwarejesha nyumbani Wajapani waliozuiliwa na Wamarekani kama wafungwa wa kivita. Hakuja kumlaki jamaa. Alikuja kutafuta ushahidi.

Mtu huyo alikuwa Mitsuo Fuchida, kamanda aliyeongoza ndege za Japani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani katika visiwa vya Hawaii, mnamo Desemba 7, 1941.

Baada ya Japani kushindwa vitani, Fuchida aliitwa kutoa ushahidi katika kesi za uhalifu wa kivita dhidi ya wanajeshi wenzake. Alikerwa mno. Kwake yeye, hiyo ilikuwa haki ya mshindi tu, na aliamini kwa dhati kwamba Wamarekani nao waliwatesa mateka wao. Alikwenda bandarini akusanye visa vya mateso hayo, awaumbue waliojifanya mahakimu.

Fuchida alizaliwa Desemba 3, 1902 katika mkoa wa Nara. Alijiunga na chuo cha wanamaji cha Etajima mwaka wa 1921, kisha akajitosa katika urubani. Kufikia vita vikuu vya pili vya dunia, alikuwa miongoni mwa maafisa waliotajika sana katika kikosi cha ndege cha jeshi la majini.

Asubuhi hiyo ya Desemba, aliongoza wimbi la kwanza la ndege 183 zilizoruka kutoka kwa manowari sita. Ndege yake iliendeshwa na mwenzake, naye akawa ndani yake akiongoza mashambulizi. Ni yeye aliyeamuru ishara ya redio, neno tora likirudiwa mara tatu, kuwaarifu wakuu wake kwamba adui amefumaniwa usingizini. Wamarekani zaidi ya 2,400 waliuawa, 1,177 kati yao wakiwa katika manowari moja tu, Arizona.

Hakuishia hapo. Mnamo Februari 1942 aliongoza shambulizi dhidi ya mji wa Darwin, Australia, ambako watu zaidi ya 230 walikufa. Aprili 5 mwaka huo, Jumapili ya Pasaka, ndege zake ziliushambulia mji wa Colombo, Sri Lanka. Siku nne baadaye Wajapani waliizamisha Hermes, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege.

Kishindo cha mashambulizi hayo kilifika hadi pwani yetu. Waingereza walilazimika kuziondoa manowari zao kuukuu katika eneo hilo na kuzileta Kilindini, Mombasa, zisije zikaangamizwa.

Mambo yalimgeukia Fuchida katika vita vya Midway mnamo Juni 1942. Siku chache kabla ya mapigano alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo ndani ya manowari Akagi, hivyo hakuweza kuruka. Akagi iliposhambuliwa na kushika moto, alirushwa na mlipuko alipokuwa akijiokoa, akavunjika miguu yote miwili. Japani ilipoteza manowari nne za kubebea ndege katika vita hivyo.

Kulingana na masimulizi yake, mauti yalimkosa tena mnamo Agosti 1945. Alikuwa Hiroshima kwa mkutano wa kijeshi, lakini akaitwa kwingine siku moja tu kabla ya bomu la atomiki kuuteketeza mji huo.

Amani ilipofika alirudi Nara kulima. Kamanda aliyewahi kuwa na mamia ya ndege chini ya amri yake sasa alishika jembe, tena katika nchi ambapo wengi hawakutaka hata kuwaona maafisa wa zamani wa jeshi.

Huyo ndiye aliyesimama Uraga akiwa na uchungu moyoni. Miongoni mwa walioshuka melini alimtambua fundi wa ndege aliyehudumu naye, ambaye alidhaniwa kufa Midway. Fuchida alimhoji kuhusu mateso. Fundi huyo alimjibu kwamba hawakuteswa. Badala yake alimsimulia kuhusu msichana wa Kimarekani, Peggy Covell, aliyewahudumia wafungwa Wajapani hospitalini kwa upole usio na kifani.

Wafungwa walipomwuliza kwa nini anawatendea wema, aliwaeleza kwamba ni kwa sababu wazazi wake waliuawa na wanajeshi wa Japani.

Wazazi hao, James na Charma Covell, walikuwa wamisionari waliowahi kufundisha Japani kwa miaka mingi. Vita vilipozuka walikuwa Ufilipino, wakajificha katika milima ya kisiwa cha Panay pamoja na wenzao. Mnamo Desemba 1943 walikamatwa na kuuawa. Inasimuliwa kwamba waliomba kwanza wapewe muda wa kusali. Binti yao alipopata habari hizo alijawa na chuki, hadi alipoanza kujiuliza wazazi wake waliomba nini katika dakika hizo za mwisho.

Fuchida hakuelewa. Alilelewa katika maadili ya kijeshi ambapo kulipiza kisasi cha mzazi ni wajibu, na anayekwepa wajibu huo hana heshima. Alikuja kutafuta chuki ya adui ili aihalalishe yake, na sasa hakuwa na pa kuiegemeza.

Mwaka uliofuata, katika kituo cha garimoshi cha Shibuya jijini Tokyo, alipokezwa kijitabu kuhusu maisha ya Jacob DeShazer. Mwanajeshi huyo wa Marekani alikuwa akimenya viazi kambini habari za Pearl Harbor zilipotangazwa. Alikirusha kiazi ukutani kwa hasira, akaapa kwamba Wajapani watalipa.

Alipata nafasi hiyo Aprili 1942, alipokuwa katika kikosi cha ndege 16 kilichoishambulia Japani. Ndege yake iliudondoshea mabomu mji wa Nagoya, kisha mafuta yakaisha angani wakiwa Uchina. Alikamatwa na kukaa gerezani miezi 40, mingi akiwa peke yake. Wenzake watatu walipigwa risasi, mwingine akafia kizuizini. Mwaka wa 1944 aliruhusiwa kuwa na Biblia kwa wiki tatu tu. Alitoka gerezani akiwa ameamua kurudi Japani kama mhubiri.

Fuchida alitafuta Biblia yake mwenyewe. Alipofika kwenye Injili ya Luka, pale Yesu anapowaombea msamaha wanaomsulubisha, alihisi amepata jibu la kitendawili cha Uraga. Aliongoka, na mwaka wa 1950 akakutana na DeShazer ana kwa ana. Wawili hao, kila mmoja akiwa amewahi kuishambulia nchi ya mwenzake kutoka angani, walihubiri pamoja.

Si wote waliomwamini. Baadhi ya wanajeshi wa zamani walimwona msaliti anayetafuta fadhila za Wamarekani. Wanahistoria nao wameonyesha kwamba baadhi ya aliyoyaandika kuhusu vita, hasa Midway, hayaafikiani na kumbukumbu rasmi. Msomaji ana haki ya kuyapima masimulizi yake. Hata hivyo, kazi ya uhubiri aliishikilia kwa zaidi ya miaka 20, ikiwemo kuzuru Marekani, ambako jina lake lilikuwa bado likiamsha machungu katika nyumba nyingi.

DeShazer alianzisha kanisa Nagoya, mji uleule alioushambulia kwa mabomu. Aliaga dunia mnamo Machi 2008 akiwa na umri wa miaka 95. Fuchida alikuwa ametangulia, Mei 30, 1976, baada ya kuugua kisukari. Alikuwa na umri wa miaka 73.