Mary Leakey: Mama wa Laetoli aliyepanda miamba ya Kondoa

DODOMA. Shabiki anayekuja Dodoma kuitazama timu yake ikimenyana na Dodoma Jiji pale Jamhuri ratiba yake huwa moja tu: mechi, nyama choma, basi la kurudi. Kumbe takriban kilomita 180 kaskazini, barabara ya Babati, kuna Kolo wilayani Kondoa. Pale unapanda mlima kwa miguu, na juu unakutana na michoro ya watu wa kale kwenye miamba.

Mmoja wa watu waliofanya dunia iijue michoro hiyo ni Mary Leakey.

Alizaliwa London, Uingereza, Februari 6, 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji, na safari za familia zilimfikisha Ufaransa, ambako akiwa bado mtoto aliona mapango yenye michoro ya kale. Shule ilimshinda. Alifukuzwa mara mbili, wala hakusomea shahada. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora, na mkono huo ndio uliompa namba. Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kenya, alimpa kazi ya kumchorea picha za kitabu chake, na mwaka 1936 wakaoana.

Kondoa alifika mara ya kwanza 1935. Aliondoka, lakini michoro ilimkaa kichwani kwa miaka 16. Mwaka 1951 yeye na mumewe walirudi na kupiga kambi kwa miezi mitatu.

Kazi yenyewe si mchezo. Ilikuwa kupanda miteremko ya mawe na vichaka, kuweka karatasi angavu juu ya mwamba, kufuatisha mstari mmoja mmoja, kisha kuchora upya kwa rangi zake. Walihesabu maeneo 186, wakachagua 43 na kunakili michoro ipatayo 1,600. Kulikuwa na twiga, tembo, pofu, na watu wembamba wenye nywele zilizotuna. Mifupa haiwezi kukuonyesha mtu wa kale alivyotengeneza nywele zake. Miamba ya Kondoa inaonyesha.

Jina lake lilikuja kuvuma kwa mambo mengine. Julai 17, 1959, Louis akiwa kambini anaumwa, Mary aliingia kazini mwenyewe kule Olduvai na kuliona fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1978 timu yake ikafukua nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita.

Kazi ya Kondoa ikakaa benchi. Kitabu chake kuhusu michoro hiyo kilitoka 1983, miaka 32 baada ya ile kambi, na kwenye jina lake la Kiingereza aliweka wazi kwamba sanaa hiyo inatoweka.

Hakukosea. Jua na mvua vinaifubaza. Wapo wageni walioimwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha, na wapo waliochimba chini ya miamba wakisaka dhahabu inayodaiwa kuachwa na Wajerumani. Mchoro ukifutika hauna mechi ya marudiano.

Mary alifariki Nairobi akiwa na miaka 83, Desemba 9, 1996, siku Tanzania Bara ikitimiza miaka 35 ya Uhuru. Miaka 10 baadaye, 2006, UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa shabiki atakayebaki Dodoma siku moja zaidi, utaratibu ni rahisi. Anza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, lipa kiingilio, chukua muongozaji. Vaa viatu vya kupandia mawe. Beba maji ya kutosha, na yote yawe ya kunywa.