Abu Raihan al-Biruni na Ilimu ya Falaki

Abu Raihan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm. Vijana wetu waingiao chuoni na kuiona ilimu ya falaki ni nzito, na wautazame mwendo wa bwana huyu.

Hakutosheka kuhifadhi yaliyonenwa vitabuni. Angali kijana alipima kimo cha jua ili ajue mji wa Kath u mbali gani na Ikweta. Mwaka 997 alipatana na Abul-Wafa, aliyekuwa Baghdad, kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi akiwa kwake. Kwa tofauti ya saa zao wakaijua tofauti ya longitudo baina ya miji hiyo. Huko ndiko kusoma na mwenzio, si kukaa barazani mkabishana! Lakini ujanani alilikazia macho jua lililopatwa, yakamdhuru. Tangu hapo akawa akiitazama sura yake majini.

Kitabu chake Tafhim, cha mwaka 1029, alimtungia mwanamke, Raihana binti Hasan, kwa suali na jawabu. Hakuanza na nyota. Alianza na handasa, kisha hesabu, ndipo akazipandia mbingu. Na wengi huanguka mtihani kwa kuzirukia mbingu kabla ya hizo mbili. Nao wanaowanyima binti zao masomo haya kwa kisingizio cha dini, watwambie Raihana alikosa nini.

Alipopita miaka 40 alijifunza Kisanskriti, apate kuisoma falaki ya Wahindi kwa lugha yao wenyewe. Alifariki Ghazna yapata mwaka 1050.